Chuo cha Joto na Chuo cha Baridi

Ninyi mnaonijia hapa barazani Kasulu na simu mkononi na sura za matanga, kisa mmechaguliwa na vyuo viwili, hebu kaeni chini kwanza. Wenzenu wanalia kwa kukosa, ninyi mnalia kwa kupata. Mimi sina haraka. Kazi ya kuombea watu vyuo nimeifanya mpaka macho yamegoma, kiti changu cha steshenari nimemwachia binti wa dada yangu, na sasa shughuli yangu ni kutafuna muwa na kusema ninachotaka. Kustaafu kuna raha yake, wanangu. Mteja akikununia, hakuna tena bosi wa kwenda kumshitakia.

Msije mkadhani nitawafundisha uhandisi. Uhandisi ninaoujua mimi ni wa kuchomoa karatasi iliyokwama kwenye printa bila kuipasua, na hata huo niliupata kwa kufokewa. Lakini wahandisi waliopita mikononi mwangu ni wengi. Kuna madaraja mnavuka kila siku kwenda Kibondo, yamesimamiwa na watu ambao mimi niliwaandikia majina yao kwenye maombi ya chuo, wakiwa bado wanaiamkia kompyuta shikamoo.

Naitwa Mwanaidi, mzaliwa wa Ujiji, ila mji huu wote unaniita Mama Taipu, kwa kuwa nilianza kazi na taipureta. Taipureta haikuwa na msamaha. Ukikosea herufi moja kwenye barua ya mkuu wa shule, unaanza upya, na bosi anakuangalia kama umemmwagia chai. Bosi wangu alikuwa Bwana Hamdani, mfanyabiashara mwenye kalamu kibao mfukoni na zote hazina wino. Mtu mkali, lakini kazi alinifunza. Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Mwanaidi, mteja akikwambia 'nichagulie wewe', kalia mikono yako."

Nilidhani ni maneno ya uzee tu. Basi akaja kijana mmoja, Filberti, mtoto mpole, anataka uhandisi wa umeme. Nafasi ya chaguo la pili ikawa tupu, basi la Kigoma linapiga honi stendi, naye anasema, "Mama, weka chochote, nitachelewa." Mkono wangu ukaweka uhandisi wa migodi. Nilikuwa nimesikia una ajira. Kumbe Filberti alikuwa mtu wa kuogopa hata kuchungulia kisima! Akachaguliwa hapo hapo pa chaguo la pili, akaenda, akamaliza, na leo anashuka chini ya ardhi kila siku ya Mungu kutafuta riziki. Ana gari, ana nyumba, ana watoto. Lakini tukikutana sokoni ananisalimia kwa sauti, watu wote wasikie: "Shikamoo, mama uliyenizika mzima!" Tangu hapo mikono nikawa naikalia kweli.

Sasa kuchagua. Wazazi wa huku kwetu wanachagua chuo kwa mizani zao wenyewe, na mimi nimeziona zote. Alikuja baba mmoja kutoka Buhigwe, nikamfungulia tovuti ya chuo, akatazama picha za wanafunzi kwa makini, akasema, "Hapana." Nikamuuliza kulikoni. Akasema, "Hebu waangalie, wote wanacheka. Hapa hakuna anayesoma." Mwanawe akapelekwa chuo ambacho kwenye picha walikuwa wamenuna. Mama mwingine alitaka chuo chenye jina fupi, ili fundi akidarizi nembo kwenye sweta asimalize uzi. Nikamwambia chuo kikuu hakuna sweta za nembo. Akaniangalia kwa huruma, akaniuliza, "Wewe ulisoma wapi?"

Na walimu nao! Kulikuwa na mwalimu mmoja wa fizikia, jina lake nalihifadhi, kila mwanafunzi alimshauri chuo alichosoma yeye. Anayetaka udaktari, aende kule. Anayetaka sheria, aende kule. Chuo chenyewe kilikuwa cha kilimo.

Mimi nilikuwa na mizani yangu, na hiyo nawapa bure. Jina la kozi lisome mpaka mwisho, maana kuna kozi zinaanza na "uhandisi" halafu mbele huko zinageuka kitu kingine. Uliza kama inatambuliwa na bodi ya wahandisi. Uliza karakana: si kama ipo, maana ipo kila mahali, uliza mwanafunzi anaigusa mashine au anaitazama dirishani. Kisha tafuta wa kumpigia simu. Hapo ndipo wengi mnapokosea. Usimpigie wa mwaka wa kwanza, huyo bado anashangaa majengo. Usimpigie aliyemaliza, huyo atakisifia ili na yeye apate sifa. Mpigie wa mwaka wa pili. Wa mwaka wa pili ugeni umemwisha na matumaini ya kumaliza bado hayajamjia, kwa hiyo analalamika kwa haki.

Haya. Mizani hiyo niliiamini mpaka alipokuja Goreti.

Goreti alikuwa msichana wa Kibondo, mrefu, mkimya, kichwa kimejaa hesabu. Wazazi wake wanalima muhogo na maharage, lakini katika ukoo ule neno la mwisho ni la babu yake, Mzee Zabroni. Mzee huyu alivuka kutoka Burundi akiwa kijana, akawekwa kambi hii, akahamishiwa ile, akarudishwa, akahamishwa tena, mpaka mwisho wa yote akapata uraia na ardhi ya kulima. Mtu mwema, mcheshi, mkarimu. Ila alikuwa na jambo lake moja: kila kitu lazima awe nacho viwili.

Shamba Kibondo, shamba Kasulu. Nyumba ya huko, kibanda cha huku. Jumapili asubuhi anasali kanisa la kengele, mchana anamalizia kanisa la magitaa, na sadaka anatoa kote. Nyumba yake ina mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na yeye stuli yake anaiweka pale anapoiona yote miwili. Simu nazo mbili, vitochi, moja ya Kibondo na moja ya Kasulu, na kila moja inabaki kwenye mji wake. Nilimwuliza siku moja kwa nini asitembee nazo zote. Akasema, "Mama Taipu, nikianguka mtoni nazo zote?"

Siku ya kuomba vyuo walikuja wawili, yeye na Goreti, wametoka Kibondo moja kwa moja, kwa hiyo namba ya simu niliyoiweka ikawa ya Kibondo. Goreti alitaka uhandisi wa ujenzi na si kingine. Akaomba vyuo viwili vya serikali. Majina siyataji, maana vyote vina watu wangu na sitaki ugomvi uzeeni. Kimoja kiko mahali pa joto, kingine mahali pa baridi. Nitaviita hivyo hivyo, Chuo cha Joto na Chuo cha Baridi.

Majina yalipotoka, Goreti yumo kote.

Mzee Zabroni akaja dukani na mkungu wa ndizi begani, uso unang'aa, salamu za Kirundi zinamtoka. "Mwakeye, Mama Taipu! Viwili! Mana yanje, Mungu ametupa viwili!"

"Hongera, mzee wangu. Sasa mtoto achague kimoja."

Akatua mkungu. "Nani amesema?"

"Ndiyo utaratibu. Aliyechaguliwa zaidi ya chuo kimoja anathibitisha kimoja kabla dirisha halijafungwa. Asipothibitisha, nafasi zote wanapewa wengine."

"Utaratibu huo," akaniuliza taratibu, "umewahi kulala porini?"

Akaketi, akanieleza mpango wake. Goreti asome muhula mmoja Chuo cha Joto, muhula mmoja Chuo cha Baridi. Maharage tunapanda msimu huu huku, msimu ule kule, kuna ubaya gani? Nikamwambia chuo si maharage. Akasema kila kitu ni maharage, ni kwamba sisi watu wa Ujiji tumezoea dagaa. Goreti kainamisha kichwa, mabega yanamtikisika kwa kicheko.

Basi tukaanza kuvipima, maana nilijua mzee akiona tofauti atakubali. Wanangu, tofauti ilikataa kuonekana! Kozi ile ile. Miaka ile ile. Bodi inavitambua vyote. Mkopo ni ule ule popote uendako. Nauli ni ile ile; huku unatoka jasho, kule unatetemeka, lakini basi ni safari ya kuvimba miguu kote. Nikafungua tovuti zao: kila moja ina picha ya wanafunzi wamevaa kofia ngumu za njano, wanakitazama kitu ambacho hakionekani.

Nikasema haya, tuwapigie wa mwaka wa pili. Goreti alikuwa na watu aliosoma nao shule, wametangulia. Tukampigia dada wa Chuo cha Joto, simu nimeiweka sauti kubwa.

"Karakana iko fresh," akasema, "mashine zipo, ila foleni ya kuzigusa mdogo wangu, utakomaa. Walimu wako poa. Hosteli maji yanakuja yakijisikia."

Tukampigia kaka wa Chuo cha Baridi.

"Karakana iko fresh," akasema, "mashine zipo, ila foleni yake noma. Walimu wako poa. Maji yapo, tatizo ukiyaoga unaimba bila kupenda."

Mzee Zabroni alikuwa ametega sikio. Akanisogelea, akaninong'oneza, "Ni mtu yule yule?"

Mizani yangu yote ikawa imelala sawa, na mzee akafurahi kama ameshinda kesi. Akasema tusubiri. Ukisubiri, kimoja kitajiondoa chenyewe, ndivyo dunia ilivyo. Akaacha ndizi, akaenda zake shamba la Kasulu kwenye maharage, na Goreti nyuma yake na jembe. Nami nikasema haya, siku bado zipo. Zile siku, wanangu, huwa zipo mpaka zisipokuwepo.

Siku ya mwisho ya dirisha, Goreti aliingia dukani anahema, kanga imejaa matope. "Shikamoo bibi. Leo ndiyo mwisho. Babu hataki kusikia. Kila nikimwambia anasema mvua ikinyesha tutazungumza."

"Marahaba. Namba ya kuthibitishia umepata?"

"Imetumwa kwenye simu ya babu. Ile ya Kibondo."

"Na simu ya Kibondo iko wapi?"

"Kibondo, bibi."

Yalaa! Simu yenyewe ilikuwa imelala kwenye kibanda cha kuchajia cha kijana mmoja anaitwa Ramadhani, mzee huiweka pale anaposafiri, maana pale inalindwa na chaji haiishi. Namba ya Ramadhani nilikuwa nayo. Nikampigia, nikamweleza shida: fungua simu ya Mzee Zabroni, tafuta meseji ya chuo, tusomee.

"Mama Taipu, heshima yako," akasema Ramadhani. "Simu ya mtu siifungui bila kibati." Kila anayeacha simu pale hupewa kibati chenye namba, bila kibati hata mkeo hupewi.

"Kibati anacho mzee."

"Basi nimsikie mzee."

Nilitamani kumtukana, lakini nikamwona ana haki. Angefungua simu za watu kila anapopigiwa na mama mwenye sauti kali, kibanda kingekuwa kimefungwa siku nyingi. Simu yake ya Kasulu huwa haendi nayo shambani, basi nikaita bodaboda, nikamwambia nenda shamba la Mzee Zabroni, mlete na usimsikilize.

Bodaboda akamleta. Mzee akashuka na matope mpaka magotini, jembe bado amelishika, macho yamemtoka. "Nani amekufa?"

"Hakuna," nikasema. "Bado."

Nikamkalisha. Nikamweleza pole pole, kama ninavyowaeleza ninyi. Mzee wangu, ukikataa kuacha kimoja, vinaondoka vyote. Jioni hii mtoto huyu anaweza kuwa na chuo, au anaweza kurudi kwenye maharage na sifa za kuchaguliwa mara mbili. Nyumba ya katikati haipo.

Akaangalia mlango wa duka langu. Duka langu lina mlango mmoja tu, nadhani hilo nalo halikumpendeza.

"Babu," Goreti akasema, akaanza kulia kweli, "unataka nikose?"

"Mwana wanje, hapana." Akalilaza jembe chini. "Mimi nilikuwa na nyumba moja. Nililala ndani yake, nikaamka naikimbia. Nikapewa nyingine moja, nikahamishwa. Nikajiambia sitakuwa tena mtu wa kitu kimoja. Sikufundishwa na mtu hilo. Sasa hawa watoto wa mtandao wananiambia nitupe mkono mmoja ndipo nishike."

Kulikuwa na mteja anasubiri kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa, hata yeye akakaa chini bila kuambiwa. Roho iliniuma, siwafichi. Nikajua mzee huyu tumemcheka miaka yote kwa kitu ambacho kilimweka hai.

Lakini saa haikuwa na roho. Nikampigia Ramadhani tena, nikaweka sauti kubwa, nikampa mzee simu. "Zungumza na Ramadhani, mzee wangu. Mengine tutaona."

Akaishika kwa mikono miwili. "Ramadhani, ni mimi."

"Wewe nani? Simu yako ina alama gani?"

"Nimeifunga mpira wa baiskeli. Na kitufe cha tano kimeliwa na panya."

"Ni wewe kweli. Shikamoo, babu. Sasa, kuna meseji mbili. Kila chuo na namba yake. Nisome ipi?"

"Zote," akasema mzee.

"Moja," akasema Goreti.

Ramadhani akatusikia wote kule Kibondo. "Nasikia watu wawili. Mwenye simu ni nani?"

Mzee Zabroni akanigeukia mimi. Ndiyo, mimi! "Mama Taipu, wewe vitu hivi ndivyo unavyokula. Sema kimoja, tumalize. Ukisema wewe, nitakubali."

Wanangu, nilikuwa na jibu mdomoni. Mimi mtu wa Ujiji, baridi siiwezi, ningesema Joto kabla hajameza mate. Na mtoto angeenda, na mambo yangeisha, na mimi ningepewa ndizi mpaka kufa kwangu. Nikamkumbuka Filberti na kisima chake. Nikakalia mikono yangu, kweli kweli, chini ya makalio, mbele za watu, mama mzima na miwani yangu.

"Mzee wangu," nikasema, "sitaoga mimi hayo maji. Muulize atakayeoga."

Goreti akajifuta machozi kwa pindo la kanga. Tangu nimjue hakuwahi kusema maneno zaidi ya matatu kwa mpigo mbele ya babu yake. Siku ile akasema.

"Babu, nimevipima mpaka nimechoka. Vinafanana. Vingekuwa tofauti, ile tofauti ndiyo ingenichagulia, nami ningeifuata tu. Kwa vile vinafanana, hapa wa kuchagua ni mimi."

"Kwa sababu ipi sasa?"

"Kwa sababu nakitaka."

"Unakitaka kwa nini?"

"Nakitaka tu, babu."

Jamani! Katika nyumba ile watu walisema "tumepewa", walisema "tumepelekwa", walisema "Mungu akipenda". Kusema "nakitaka tu" mbele ya mzee, bila hata kuongeza samahani, halikuwa jambo dogo. Yule wa cheti cha kuzaliwa akashika tama. Mimi nikangoja radi.

Mzee alimtazama mjukuu wake muda mrefu. Kisha akaisogeza simu mdomoni.

"Ramadhani. Mwenye simu ni mimi. Mwenye chuo ni huyu. Msomee anachotaka."

Goreti akaichukua simu, akatoka nayo nje, akamwambia Ramadhani kwa sauti ya chini ni ipi. Na msiniulize ni ipi! Najua mnakuja hapa kila mwaka mnamzunguka binti wa dada yangu mnamwuliza, "Eti yule Goreti alikwenda wapi?" Siwaambii. Nikiwaambia mtakimbilia kule kule wote, kama mbuzi, na kesho mtasema Mama Taipu ndiye aliyetupeleka. Nitakachowaambia ni kwamba anasoma, anafaulu, na analalamika kwa haki.

Aliporudi ndani, Ramadhani akasoma ile namba kwa sauti ya kutangaza msiba, herufi moja moja, akirudia bila kuombwa. Goreti akaiandika mwenyewe kwenye kompyuta, kwa kidole chake mwenyewe. Mtandao ukazunguka. Ukazunguka. Mzee akaanza kusali Kirundi, nami nikasali Kiarabu, tukamwachia Mungu atafsiri. Kisha ukatokea ujumbe wa kijani: umethibitishwa. Nikapiga vigelegele, yule wa cheti naye akapiga makofi, bodaboda aliyekuwa mlangoni akauliza ni harusi ya nani.

Mzee Zabroni peke yake hakushangilia. Alikuwa anaitazama kompyuta.

"Na kile kingine?"

"Kimekwenda, mzee wangu. Ile nafasi anapewa mtoto mwingine."

"Wameambiwa?"

"Akina nani?"

"Wale tuliowakataa."

Nikamweleza kwamba mambo yote yanajiendesha yenyewe, kompyuta ya huku inaiambia ya kule. Akatikisa kichwa. Akasema kompyuta imeambiwa, watu hawajaambiwa. Kwao binti akiposwa na nyumba mbili, ile nyumba iliyokosa haiachwi isikie habari sokoni. Anatumwa mtu mzima, anakwenda na maneno mazuri, anawashukuru, wanaagana bila kinyongo. Je, yeye Zabroni, mtu mzima, aliyepewa heshima na chuo kizima cha serikali, akae kimya kama mwizi? Akaniambia niweke karatasi.

Nikaweka karatasi. Goreti alitaka kuingia chini ya meza kwa aibu. "Babu, watatucheka!" Babu akamwambia wewe umekwisha kusema, sasa ni zamu yangu. Akasimama katikati ya duka na matope yake, mikono nyuma, akaanza kutaja nami nikachapa.

Kwa wakubwa wa chuo, salamu. Mimi ni babu yake Goreti. Tunawashukuru kwa kumpenda mtoto wetu kabla hamjamwona. Kwenu hatukuona kasoro. Karakana yenu tumeisikia, na maji yenu tumeyasikia. Mtoto amekwenda kwingine kwa sababu alitaka.

Nikadhani amemaliza, nikasogeza mkono kubonyeza kuchapisha. Akanizuia, akaniambia ongeza.

Mimi katika maisha yangu nimeondoka mahali pengi, na kote nilifukuzwa. Sijawahi kukataa mahali. Leo ni mara ya kwanza mtu wa nyumba yangu anaitwa mahali pazuri, anasema hapana, asante, na hakuna anayemkimbiza. Msituchukie. Tumefurahi sana kuwakataa.

Nikamwambia, "Mzee wangu, hiyo ya mwisho si maneno ya kumwandikia mkuu wa chuo."

Akasema, "Iache."

Nikaiacha.